Alituachia "Baadhi", Iliyobakia ni Kazi Yetu

Zaidi ya miaka 40 imepita tangu Sheikh Abdalla Saleh Farsy alipofariki dunia huko Oman, mwezi wa Novemba 1982. Jina lake lingali likitajwa visiwani mwetu na katika mwambao mzima, kwa kuwa tafsiri yake ya Kurani, iliyotolewa kwa ukamilifu mjini Nairobi mwaka 1969, imo katika nyumba nyingi za Waislamu wasomao Kiswahili. Lakini uko upande mwingine wa kazi ya mtu huyu ambao tunahofia kwamba umeanza kusahauliwa hapa hapa alipozaliwa, nao ni kazi yake ya kuandika historia ya jamii. Leo tunapenda kuuzungumzia upande huo, kwa sababu ndani yake limo jambo linalowahusu wananchi wote wa Unguja na Pemba, na hasa wale waliokabidhiwa dhamana ya elimu, utamaduni na nyaraka za nchi.

Sheikh Abdalla alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alipitia milango miwili ya elimu iliyokuwapo wakati ule: darsa za misikitini kwa wanavyuoni wakubwa wa mji, na skuli za Serikali, ambako alifundishwa ualimu. Alianza kusomesha mwaka 1933, na kwa miaka mingi akawa mwalimu, kisha mkaguzi wa mafunzo ya dini katika skuli za Unguja na Pemba. Mwaka 1960 akawa Kadhi wa Zanzibar, na mwaka 1968 akashika nafasi ya Kadhi Mkuu wa Kenya, akimpokea Sheikh Muhammad Kasim Mazrui. Nafasi hiyo aliishika mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mtu mwenye shughuli nyingi kiasi hicho angeweza kusamehewa lau asingeandika hata ukurasa mmoja. Yeye aliandika maisha yake yote. Kazi zake mbili zilimpa nafasi ambayo wasomi wengi hawaipati. Mkaguzi wa skuli huzunguka mashamba na kufika vijijini, akazungumza na walimu, wazee na watoto. Kadhi naye husikiliza mambo ambayo watu hawayasemi hadharani: ndoa na talaka, mirathi na wakfu, ugomvi wa ndugu juu ya nyumba ya baba yao. Anayeifanya kazi hiyo kwa uangalifu huijua jamii kwa ndani, na Sheikh Abdalla aliijua.

Tukumbuke hali ilivyokuwa alipoanza kuandika. Vitabu vikubwa juu ya Zanzibar vilivyokuwapo vilikuwa vya Kiingereza: kile cha Robert Nunez Lyne cha mwaka 1905, cha F. B. Pearce cha mwaka 1920, na cha W. H. Ingrams cha mwaka 1931. Hatuvidharau vitabu hivyo, kwani yamo ndani yake mengi ya manufaa. Lakini waliviandika watu waliokuja kutawala, na aghalabu waliyaona maisha ya wenyeji kutoka roshani ya ofisi. Kwa Kiswahili, ilikuwa imekwisha kutangulia kazi kubwa ya Mtoro bin Mwinyi Bakari juu ya desturi za Waswahili, iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1903, na hiyo ilihusu zaidi watu wa Mrima. Mzanzibari aliyetaka kusoma habari za watu wake, kwa lugha yake, zilizoandikwa na mwenzake, alikuwa na vichache mno vya kushika mkononi.

Mwaka 1942 Sheikh Abdalla alitoa kitabu juu ya Seyyid Said bin Sultan. Hiyo ilikuwa historia ya mtawala, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Lakini hakuishia kwenye majumba ya wafalme. Mwaka 1956 kilichapishwa kitabu chake kidogo kiitwacho Ada za Harusi katika Unguja, na hapo ndipo tunapomwona mwanahistoria wa jamii akifanya kazi yake.

Wako watakaouliza: harusi nayo ni historia? Sisi tunajibu kwamba ni historia hasa. Katika ndoa moja ya visiwani mwetu huonekana nani anaposa kwa nani, na nani hapewi. Huonekana mahari yalivyokuwa kiasi gani, kilemba cha baba na mkaja wa mama vilivyokuwa na maana gani, kungwi alikuwa nani na alisimama wapi katika maisha ya mwari. Huonekana jirani alichangia nini, chakula kilipikwa na nani, ngoma gani ilichezwa na nani alikatazwa kuicheza. Mtu akizipanga habari hizo kwa utaratibu atapata picha ya uchumi, ya tabaka, ya uhusiano wa wake na waume, na ya ujirani wenyewe. Hayo hayamo katika mikataba ya madola wala katika orodha ya masultani.

Na thamani ya picha hiyo huongezeka kadiri maisha yanavyobadilika. Siku hizi sherehe nyingi zimehamia kumbini, kadi zimechukua nafasi ya mwalishi aliyepita nyumba hadi nyumba, na chakula huagizwa kwa wapishi wa kulipwa. Hatusemi kwamba mabadiliko hayo ni mabaya. Kila zama na mambo yake. Tunachosema ni kwamba binti anayeolewa leo anayo haki ya kujua nyanya yake aliozwaje, na hawezi kuijua haki hiyo ikiwa hakuna aliyeandika, au ikiwa aliyeandika hasomwi.

Liko jambo jingine ambalo tunaliona kuwa ni funzo kubwa. Sheikh Abdalla alikuwa mtu wa sharia na mpenda marekebisho. Alizikemea waziwazi desturi nyingi alizoziona kuwa ni uzushi katika dini, na katika miaka ya 1970 alitoa kitabu kizima juu ya bid-a, kitabu kilichozusha mabishano ambayo hayajesha mpaka leo. Si kazi ya ukurasa huu kuamua nani alikuwa na haki katika mabishano hayo. Linalotushangaza na kutufurahisha ni kwamba mtu huyo huyo alikaa chini akaziandika ada za harusi za watu wake. Alifahamu kwamba kuandika jambo lilivyokuwa hakumfanyi mwandishi kuwa mshabiki wa jambo hilo. Wale wanaotaka yasiyowapendeza yafutwe katika kumbukumbu, wawe ni watu wa dini au wa siasa, wangefanya vyema kuuzingatia mfano wake.

Kazi yake kubwa ya historia ilikuja mwaka 1972, alipokuwa Kenya. Ni kitabu cha Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika. Hakikuzuka ghafla. Katika miaka ya 1940 alikwisha kutoa kitabu juu ya Imam Shafi na wanavyuoni wakubwa wa Mashariki ya Afrika, kwa hiyo kile cha 1972 ni tunda la takriban miaka 30 ya kuuliza, kukusanya na kusahihisha. Humo kila mwanachuoni huelezwa: nani alimsomesha, naye alimsomesha nani, alisafiri wapi, alishika kazi gani, alifariki lini.

Msomaji wa haraka ataona orodha ya majina. Msomaji mtulivu ataiona bahari nzima. Mchukue Sayyid Ahmed bin Sumeyt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, akawa nahodha wa chombo katika ujana wake, akawa kadhi Zanzibar, akafika mpaka Istanbul kabla ya kurejea tena hapa. Mchukue Sheikh Abdalla Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliyesafiri mpaka Java na Cape Town, na ambaye chuo chake cha Ukutani kilivuta wanafunzi kutoka kila upande wa mwambao. Wote wawili walifariki Unguja mwaka 1925. Mchukue Sheikh Abdul-Aziz bin Abdul-Ghani Al-Amawy, aliyetoka Barawa na kufariki hapa mwaka 1896. Katika maisha ya watu hao inaonekana wazi kwamba visiwa hivi havikuwa pembe ya dunia. Vilikuwa njia panda, na watu wa Ngazija, Lamu, Barawa, Mombasa na Hadhramaut walikutana hapa wakasomeshana, wakaoana, wakazikana.

Habari za namna hiyo hazimo katika majalada ya wakoloni. Karani wa Serikali aliandika nani amelipa ushuru na nani amefungwa. Hakuandika nani alimsomesha nani baada ya sala ya alfajiri. Sheikh Abdalla aliweza kuzipata kwa kuwa alikuwa yeye mwenyewe pete katika mnyororo ule. Sayyid Omar bin Sumeyt, mwana wa Sayyid Ahmed, alikuwa miongoni mwa walimu wake. Aliyasikia kwa waliokuwapo, akayatia katika maandishi kabla wasemaji hawajatoweka. Lau angengoja miaka 20 zaidi, sehemu kubwa ya kitabu kile isingeweza kuandikwa na mtu yeyote.

Sasa tunawaomba wasomaji walitazame neno la kwanza katika jina la kitabu hicho: Baadhi. Sheikh hakudai kwamba ameandika yote. Aliandika wa madhehebu yake, na miongoni mwa hao aliandika aliowafikia. Wanavyuoni wa Kiibadhi, ambao waliacha alama kubwa katika historia ya visiwa hivi, hawakuwa ndio madhumuni yake. Wanawake waliosomesha watoto wa mitaa mizima katika kumbi za nyumba zao hawakuandikiwa kitabu cha kiasi hicho. Walimu wa vyuo wa Makunduchi, Tumbatu, Micheweni na Mkoani, ambao majina yao yanajulikana kijijini tu, wangali wanangoja mwandishi. Hao ni walimu pekee. Hatujawataja wavuvi, mabaharia wa majahazi, wachumaji wa karafuu, waashi waliochonga mawe ya mji, mafundi wa milango, wala waganga wa mitishamba.

Uko mfano mmoja mzuri wa mtu wa kawaida aliyepata bahati ya kuandikwa. Siti binti Saad, aliyetoka kijiji cha Fumba na kuifikisha sauti yake kwenye santuri zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, aliandikiwa wasifu na Shaaban Robert. Kwa hiyo leo tunajua maisha ya mwanamke mfinyanzi aliyekuwa mwimbaji mashuhuri. Lakini ni wangapi waliokuwa na hadithi nzito kama yake ambao hawakupata Shaaban Robert wao?

Jambo hili lina uzito wa leo. Kitabu cha wanavyuoni kilitafsiriwa kwa Kiingereza na Randall Pouwels na kuchapishwa na Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1989. Tangu wakati huo wataalamu wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakikitumia katika utafiti wao. Tunafurahi kwa heshima hiyo, na tunawapongeza waliotambua thamani ya kazi ya mwenzetu. Lakini tujiulize kwa unyofu: mwanafunzi wa skuli ya sekondari ya Wete au Mkokotoni atakipata wapi kile cha Kiswahili? Ataziona wapi Ada za Harusi za mwaka 1956? Hivyo si vitabu ambavyo atavikuta kwa wepesi dukani. Itakuwa ni aibu ikiwa mgeni wa mbali ataijua silsila ya walimu wa Ukutani kuliko mtoto aliyezaliwa Ukutani.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na ni haki kwamba majumba yake yanashughulikiwa. Siku ya tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka na kuua watu wawili, nchi nzima ilishtuka, na dunia ikapata habari. Lakini nyumba ikianguka vumbi lake huonekana. Mzee anapozikwa pamoja na yote aliyoyajua, au mkoba wa barua na karatasi za babu unapoliwa na mchwa huko darini, hakuna vumbi wala kishindo, na hakuna anayeandika taarifa. Mawe tunayohangaika kuyasimamisha yatakuwa na maana gani, ikiwa hatutajua ni nani walioishi ndani yake, walikula nini, walisomeshwa na nani na waligombania nini?

Wahenga wamesema akiba haiozi. Wahenga hawakuwa wakisema juu ya karatasi. Katika hewa yetu ya bahari, yenye unyevu na joto, akiba ya karatasi huoza, na huoza upesi. Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba mna hati za wakfu, vitabu vya mkono, barua zilizotoka Lamu au Muscat, daftari za hesabu za duka na za shamba. Wenye nyumba aghalabu hawajui kusoma khati zile, lakini wanajua kwamba ni za wazee na hawazitupi. Nusu ya kazi wamekwisha kuifanya wao. Nusu iliyobakia ni ya wahusika.

Kwa hiyo tunapenda kutoa mapendekezo manne, yote madogo na yote yanawezekana.

La kwanza, vitabu vya historia vya Sheikh Abdalla vichapishwe upya kwa Kiswahili chake mwenyewe, kwa makubaliano na warithi wake, vikiwa na dibaji na maelezo ya wataalamu wetu wa Chuo Kikuu cha Taifa na wa Baraza la Kiswahili. Kila skuli ya sekondari ya visiwani ipate nakala.

La pili, Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani ziwezeshwe kupeleka watu vijijini na mitaani kupiga picha karatasi zilizomo majumbani. Tunasisitiza neno picha. Wananchi wengi huogopa kutoa vitu vyao kwa kuwa wanahofia kwamba kilichochukuliwa hakitarudi, na hofu hiyo haiondoki kwa hotuba. Karatasi ipigwe picha mbele ya mwenyewe, arejeshewe papo hapo, na apewe hati inayosema kwamba mali ni yake. Watu wakiona hivyo mara moja, wataleta wenyewe.

La tatu, walimu wa historia wawatume wanafunzi wao kwa wazee. Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu aandike maisha ya mtu mmoja wa kijiji chake: mvuvi, mkunga, fundi, mwalimu wa chuo. Vifaa vya kunasia sauti vimo siku hizi katika simu za mkononi, na wala havihitaji fedha mpya. Kazi zilizo nzuri ziwekwe katika maktaba ya skuli na nakala zipelekwe Kilimani. Katika miaka kumi tutakuwa na hazina ambayo hakuna mtafiti mmoja, hata angekuwa hodari namna gani, angeweza kuikusanya peke yake.

La nne, masheha wasaidie kuorodhesha wazee wenye kumbukumbu katika shehia zao, ili anayetafuta ajue aanzie wapi, na ili tusiwakumbuke wazee hao siku ya khitma zao tu.

Tunatambua kwamba watakuwako wenye shaka. Watasema fedha ni chache, na mahospitali na maji ni muhimu zaidi. Ni kweli kwamba ni muhimu, na hatuombi senti itolewe huko. Mengi tuliyoyataja yanahitaji mpango kuliko fedha. Wengine watasema kwa kunong'ona kwamba Sheikh Abdalla aliondoka nchini baada ya miaka ile ya misukosuko, akamalizia maisha yake ugenini, na kwamba vitabu vyake ni vya upande fulani. Hao tunawajibu waziwazi. Historia ya visiwa hivi imewapitia watu wa kila upande, na kila upande una makaburi yake na masanduku yake. Tukianza kuchagua kumbukumbu za kuhifadhi kwa kuangalia mwenye kumbukumbu alikuwa wapi mwaka 1964, tutabakia na historia nusu, na historia nusu haimfundishi mtu. Aandikwe mkulima aliyepata shamba la eka tatu, na aandikwe aliyelikosa shamba lake. Wajukuu wao wanakaa darasa moja hivi leo.

Wako pia watakaosema kwamba kazi hii ni ya wataalamu. Sheikh Abdalla alianza kama mwalimu wa skuli. Hakungoja cheo wala ruzuku. Alikuwa na kalamu, alikuwa na subira, na aliwaheshimu watu wa kawaida kiasi cha kuamini kwamba maisha yao yanastahili kuandikwa. Mwanafunzi wake, Sheikh Saidi Musa, aliufuata mwendo huo huo alipoandika maisha ya mwalimu wake, kitabu kilichotoka mwaka 1986. Hivyo ndivyo mnyororo unavyoendelea: aliyeandika wenziwe naye akaandikwa.

Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Tumekwisha kuyasikia maneno mengi mazuri juu ya kuenzi utamaduni wetu, na mengine tumeyachapisha sisi wenyewe katika kurasa hizi. Tungependa sasa kusikia kwamba kitabu kimoja kimechapwa, sanduku moja limefunguliwa, na mzee mmoja wa Kojani au wa Nungwi amekaliwa barazani na kijana mwenye daftari. Wazee hao wapo leo, na kazi hii haiwezi kungojea bajeti ya miaka mingi ijayo.